Kisu cha Kukunja na Maneno ya Mhunzi

Waswahili husema kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii hufundishwa shuleni na kutungiwa maswali ya mitihani, na maana yake ya ndani, kwamba mtoto hakosi kurithi chochote katika kazi ya mzazi wake, hujibiwa bila taabu. Taabu huanza pale mwanafunzi anapoulizwa maana ya nje. Kusana ni kufanya nini? Wengi hulikumbuka neno sana la kutilia mkazo, na kwa njia hiyo methali haishikiki kisarufi. Kumbe ni kitenzi, tena cha kale, chenye maana ya kufua chuma, nako kuvukuta ni kuupuliza moto kwa mivukuto. Kitenzi hicho kimetoweka katika mazungumzo ya kila siku, na kwa wasemaji walio wengi kimebaki ndani ya methali kama mdudu aliyegandia katika sandarusi.

Hali ya kitenzi hicho ndiyo hali ya sehemu kubwa ya msamiati wa ufundi wa chuma. Tena hali hiyo huzaa madai ambayo yamerudiwa kwa muda mrefu: kwamba Kiswahili ni lugha ya biashara, ya dini na ya ushairi, lakini kikifikishwa kwenye ufundi wa vyuma hukwama na kuanza kuomba maneno. Madai ya namna hii hayapimwi kwa nadharia, hupimwa kwa kazi. Kwa sababu hiyo mhadhara huu unachukua kitu kimoja kidogo, yaani kisu cha kukunja cha mfukoni kinachotengenezwa kwa mkono katika karakana ya nyumbani, na kuuliza katika kila hatua: neno lipo? Liko wapi? Nani bado analitumia? Kisu hicho huenea katika kiganja cha mkono, lakini ndani yake mna ubapa, kamani, mpini na kiungo kinachozunguka, na kila kimoja kina historia yake katika lugha.

Chombo chenyewe ni cha kale. Huko Hallstatt, katika nchi ya Austria, kulipatikana kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa, kinachokadiriwa kuwa cha karne ya 6 kabla ya Kristo. Warumi nao walikuwa na vyao. Hata hivyo, mji uliokipa kisu hiki umbo linalojulikana leo ni Sheffield, Uingereza, ambako mafundi wa kujitegemea walikodi chumba chenye benchi na jiwe la kunolea, kila mmoja akitafuta riziki kwa mikono yake. Mmoja wa mafundi wa mwisho wa desturi hiyo, Stan Shaw, aliingia kazini mwaka 1941 akiwa kijana, akafariki mwaka 2021, naye aliweza kukitengeneza kisu kizima peke yake tangu bamba la chuma hadi mng'ao wa mwisho. Huko Ufaransa, katika milima ya Savoie, Joseph Opinel alibuni kisu chake mwaka 1890 katika kiwanda cha uhunzi cha baba yake. Kisu chake hakikuwa na kamani hata kidogo: mpini ni kipande kimoja cha mti kilichopasuliwa mfuo, na ubapa hushikwa na msuguano tu. Pete ya chuma inayozungushwa ili ubapa usirudi na kuukata mkono iliongezwa mwaka 1955. Opinel, kwa maana hiyo, alikuwa mwana wa mhunzi ambaye alisana.

Tofauti kati ya kisu cha Sheffield na kisu chenye kizuizi si jambo la mafundi pekee. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 ilikataza kutembea na vyombo vyenye makali hadharani bila sababu ya maana, ikakiacha kando kisu cha mfukoni cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Je, kisu kinachojifunga kikishafunguliwa ni cha kukunja? Baadaye mahakama iliamua kuwa sicho, kwa kuwa kisu cha kukunja katika maana ya sheria ni kile kinachoweza kukunjwa wakati wowote kwa kusukumwa tu. Uhuru wa mtu ulitegemea maana ya kivumishi kimoja. Mfasiri wa Kiswahili anayeandika kisu cha kukunja kwa aina zote mbili angeipoteza kesi hiyo kabla haijaanza. Lakini lugha haikumnyima njia. Mlango wa Kiswahili una komeo tangu zamani, na kisu cha komeo kingeeleweka na yeyote aliyewahi kufunga mlango usiku.

Afrika Mashariki haikuwa mgeni wa chuma. Al-Idrisi, mwandishi wa jiografia aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, aliitaja Malindi na Mombasa kuwa mahali palipochimbwa chuma. Magharibi ya Ziwa Viktoria, huko Buhaya, wanaakiolojia walifukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, na katika miaka ya 1970 wazee Wahaya waliokumbuka kazi hiyo waliijenga tanuri upya na kuonyesha jinsi ilivyofanya kazi. Ukaribu wa chuma na kisu umebaki wazi katika Kinyarwanda, ambamo neno moja, icyuma, ni chuma na ni kisu pia. Kiswahili kiliyatenga mawili hayo, kisha kikavigawa visu kwa matumizi: kotama ya mgema, wembe wa kinyozi, jambia la kiunoni lenye asili ya Kiarabu. Katika shina -embe mmetoka wembe, jembe na kijembe, na hicho cha mwisho kimehamia kwenye maneno ya mafumbo, ambako hukata kuliko zamani.

Visu vyote hivyo vina jambo moja: ubapa wake haukunjiki, na makali hufichwa ndani ya ala. Katika kisu cha kukunja mpini ndio ala. Chombo hicho kilipofika pwani kilifika kikiwa bidhaa iliyokamilika, si kazi ya kujifunza, na hiyo ndiyo sababu jina lake ni la maelezo. Aliyekinunua alieleza kinachofanya. Hakuhitaji kuvijua vilivyomo.

Anayekitengeneza huhitaji. Kazi huanza kwa kuchagua chuma, na hapo msamiati ni tajiri kuliko inavyodhaniwa. Pua ni chuma kilichokomaa. Feleji ni pua bora ya panga za kifahari. Fundi wa nyumbani mara nyingi hutumia tupa kuukuu, kwa sababu tupa hutengenezwa kwa pua yenye kaboni nyingi. Huipasha moto na kuiacha ipoe polepole hadi ikubali kukatwa, na tupa nyingine ndiyo inayoichonga. Mafundi wa Gerezani mjini Dar es Salaam na wa Kamukunji mjini Nairobi wanajua elimu iyo hiyo kwa njia nyingine: malighafi yao ni mabamba ya springi za magari yaliyovunjika.

Ubapa ukishachongwa hubanwa kwenye jiliwa, nao hutobolewa kwa keekee katika msuka. Neno hili la mwisho linastahili kutuliwa. Msuka ni ile sehemu ya kisu au jembe inayozama ndani ya mpini. Mkulima anayepachika jembe lake hulijua, ila mwanafunzi wa chuo kikuu huenda asilijue. Katika kisu cha kukunja msuka hauzami mahali pamoja, bali huzunguka juu ya ribiti. Kiungo hicho ni bawaba, neno ambalo Waarabu walilitumia kwa lango, na ambalo seremala wa pwani analo kila siku.

Nyuma ya msuka hukaa kile kinachoitwa springi gerejini, na ambacho mtengenezaji wa saa wa zamani alikiita kamani. Kwa Waajemi kaman ni upinde. Katika saa jina hilo limejificha, maana utepe wa chuma umeviringwa mara nyingi. Katika kisu cha kukunja limerudi kwenye asili yake: bamba jembamba la pua limepindwa kidogo, limefungwa katikati na mwisho mmoja, na ncha yake iliyo huru huukandamiza msuka. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Mgongo wa kamani unapaswa kuwa sawasawa na mgongo wa mpini kisu kikiwa kimefungwa, na vivyo hivyo kikiwa kimefunguliwa, na kwa fundi mkali hata kikiwa nusu. Msuka hupunguzwa kwa tupa, kisu huunganishwa kwa pini za muda, hutazamwa, huvunjwa tena, na kazi hurudiwa mara nyingi kwa tofauti isiyofikia unene wa unywele. Anayeharakisha hapa hupata kisu kilicholegea, na hakuna ribiti itakayokiponya.

Kisha moto. Ubapa hupashwa mpaka uwe mwekundu na sumaku isiushike tena, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770 za Selsiasi. Huongezewa joto kidogo, kisha huchovywa ndani ya mafuta. Ukitoka humo ni mgumu lakini huvunjika kama kioo. Kwa hiyo hupashwa mara ya pili, karibu nyuzi 200, mpaka uso wake uchukue rangi ya majani makavu. Kamani hupelekwa mbele zaidi, karibu nyuzi 300, hadi rangi ya samawati, kwa maana yenyewe haitafuti makali bali unyumbufu. Mpini ukiwa wa mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini, husuguliwa kwa msasa. Mwanzoni msasa ni mti wenye majani makavu yanayokwaruza, yaliyotumiwa na maseremala kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ilirithi jina, na leo hata muswada wa tasnifu hupigwa msasa. Kinoo ndicho kinachomaliza.

Orodha ya maneno yaliyokopwa katika maelezo hayo si fupi, nayo haina aibu. Linaloshangaza zaidi ni kwamba maneno hayo hayakai nyumba moja: msuka uko shambani, bawaba iko kwa seremala, kamani kwa mtengenezaji wa saa, komeo mlangoni. Hata mahali pa kazi pamebadilika. Kiwanda kilikuwa mahali pa fundi mmoja na zana zake. Kilipopewa maana ya majengo yenye mashine na mamia ya wafanyakazi, fundi wa nyumbani alihamia kwenye karakana, neno jingine la Kiajemi, na yule asiye na paa akaitwa wa jua kali. Kijana wa Tanzania anayesomeshwa ufundi kwa Kiingereza darasani na kwa lugha ya gereji kazini hapitii katika nyumba yoyote ya hizo. Kwake neno springi halina mpinzani, wala si kosa lake.

Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, na Sacleux, ambaye yake ilitoka mwaka 1939, waliyapata maneno mengi ya namna hii kwa kuwasikiliza wenye kazi. Kamati za istilahi za baadaye zilifanya kazi kubwa na ya lazima, lakini aghalabu zilianza na orodha ya Kiingereza mezani, na orodha ya namna hiyo haiwezi kumkumbusha mtu juu ya msuka. Yapo mapengo ya kweli, na yafaa yasemwe. Tendo la kuchovya chuma chenye moto ili kigumuke, na lile la pili la kukipunguzia ugumu, yameelezwa hapa kwa sentensi nzima kwa sababu kamusi za kawaida hazina vitenzi viwili vilivyozoeleka na vinavyoyatenganisha. Vivyo hivyo mlio wa kisu kizuri kinapojifunga, ambao fundi huuamini kuliko macho yake, ungehitaji tanakali ya sauti yenye nafasi yake. Lakini panga za Gerezani hugumuka kila siku, na wanaozigumusha hawafanyi kazi hiyo kimya. Humwambia kijana aliye kwenye mivukuto ni lini atoe, ni lini achovye, na rangi gani aisubiri.