Kinanda kilivyojifunza sauti za zeze

Prodyuza wa Babati mjini anayerekodi injili leo na Bongo Fleva kesho hahitaji vifaa vingi: kompyuta, FL Studio, kipaza sauti na kibodi ndogo ya mezani. Vinamtosha mpaka siku anapoletewa mzee mwenye zeze. Mzee anapiga, naye anatafuta sauti zile kwenye kibodi. Ya kwanza anaipata, ya pili inakaribia, ya tatu inakaa katikati ya vitufe viwili. Hapo mzee huambiwa akaze uzi. Mimi nasema kinachopaswa kurekebishwa ni kibodi, tena historia yake inaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana tangu zamani.

Kinanda cha kawaida hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis alipendekeza kila hatua igawanywe tena mara 100, na kila kipande akakiita senti. Kwa hiyo oktava nzima ni senti 1200, na tofauti ndogo ambazo zamani zilisikika tu zikaanza kuandikika.

Hesabu hiyo inafaa sana ukishika barabara ya Kondoa kwenda Dodoma, kwa Wagogo. Uzi ukipigwa hautoi sauti moja. Juu ya sauti kuu huja nyingine nyembamba, zenye kasi mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya kwanza, na kuendelea. Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, alieleza kwamba skeli ya Kigogo imejengwa juu ya sauti hizo, kuanzia ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Sauti ya tano iko senti 14 chini ya kitufe cha kinanda kinachoikaribia. Ya saba iko chini kwa senti 31, karibu theluthi ya hatua nzima, na sikio lolote linaipata. Hiyo ndiyo inayoupa wimbo wa Kigogo ladha yake, na ndiyo ya kwanza kupotea kibodi inapoingia.

Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi muziki huo alipozunguka Tanganyika mwaka 1950. Katika safari zake alibeba uma za sauti 54 za chuma, kila moja ikitoa sauti yake ikigongwa, ili apime ala bila kuzilazimisha zifuate piano. Baadaye mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliizungusha ilimba, yaani marimba ya mkono, na zeze duniani bila kuziondoa kwenye skeli yake. Ilimba ina tundu lililofunikwa utando wa buibui, na utando huo hutetemesha sauti iwe na mvumo wa nyuki. Skeli peke yake haikupi mvumo huo, kwa hiyo anayechagua sinthesaiza aufikirie pia.

Pwani mambo yalikwenda kwa njia yake. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa cha Zanzibar, kilichoanza mwaka 1905, kilijengwa juu ya ala za Kiarabu. Mojawapo, kanuni, ina vishikizo vidogo vya chuma chini ya nyuzi. Mpigaji huvigeuza kwa kidole ili sauti ipande au ishuke kwa kiasi kidogo kuliko nusu toni. Mwaka 1932 wataalamu walikutana Cairo wakabishana kama oktava igawanywe robo toni 24 zilizo sawa, wasiafikiane. Miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ilipohamia kwenye kibodi, mabishano hayo yalikosa nafasi: kitufe kilitoa sauti yake moja, basi.

Lawama si ya wapiga kibodi peke yao. MIDI, lugha ambayo vinanda huzungumza tangu mwaka 1983, hupeleka noti kama namba, kuanzia 0 hadi 127, na ala hujibu kwa hatua zile 12. Sinthesaiza ya Yamaha DX7 ya mwaka huohuo iliuzwa dunia nzima, lakini ni toleo la pili, DX7II, lililompa mpigaji nafasi ya kuweka skeli yake mwenyewe. Mwaka 1992 MIDI iliongezewa taratibu za kubadili skeli, na makampuni mengi yakazipuuza. Waliosukuma mambo zaidi walikuwa wanunuzi wa nchi za Kiarabu na Uturuki, waliofanya Korg na Yamaha watengeneze kibodi zenye vitufe vya kushusha noti robo toni papo hapo. Kwa mtu wa taarabu hiyo ni mali. Kwa skeli ya Kigogo haitoshi, kwa sababu robo toni ni senti 50 na tunazozitaka ni 14 na 31.

Mkombozi wa kweli, kwa maoni yangu, ni Scala, programu ya bure ya Mholanzi Manuel Op de Coul. Faili lake ni maandishi matupu. Mstari wa kwanza unaandika jina la skeli, wa pili idadi ya noti, tano, kisha unapanga 9/8, 5/4, 3/2, 7/4 na 2/1. Umemaliza. Surge XT, sinthesaiza ya kompyuta isiyouzwa, hulisoma faili hilo. Angalia tu kwamba oktava sasa inafika kwenye kitufe cha tano juu ya kile cha kuanzia, vyeupe na vyeusi vikihesabiwa pamoja, na vidole vitapotea mwanzoni. Chagua pia sauti ya wimbi la msumeno, si ya kengele. Kengele ina sauti zake za ndani zisizofuata mpangilio wa uzi, nazo zitaificha ile ya saba.

Mkoa wa Manyara una Wairaqw, Wagorwa, Wadatooga, Warangi na Wahadzabe, na skeli ya jirani wa Dodoma haiwezi kubandikwa tu kwenye nyimbo zao. Kwa hiyo prodyuza wa Babati arekodi kwanza sauti ya mzee peke yake, bila biti, na Auto-Tune ikiwa imezimwa. Kisha aifungue kwenye Praat, programu ya bure inayoonyesha kila noti kwa hezi, na kutoka hapo aandike faili la Scala la mzee huyohuyo, kabla hajagusa kibodi.