Mlima Usio na Barabara

Basi la Ifakara likishavuka Kidatu, mashamba ya miwa huanza kukufuata, na upande wa kulia mlima husimama ghafla, msitu umeufunika toka mguuni hadi kwenye mawingu. Abiria wengi wa njia hii wameutazama mlima huo maisha yao yote kupitia dirishani. Wanajua mvua ikinyesha kule juu, mpunga wa bondeni utapata maji. Kupanda na kulala huko ni jambo la wachache, na habari za wachache hao ndizo zilizonifanya niandike makala haya.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ina kilomita za mraba 1,990, na makao yake makuu yako Mang'ula, pembeni mwa barabara ya Mikumi–Ifakara. Ukifika getini, gari linabaki. Msituni hakuna pa kulipitisha. Hapa hakuna kuona tembo ukiwa umekaa kwenye kiti; unatembea, na ukitaka kufika mbali unabeba hema, sufuria na chakula. Tangu zamani, karibu kila tunachokijua kuhusu milima hii kimeletwa na mtu aliyelala ndani yake.

Jina lenyewe linatokana na Wadzungwa, watu wa jamii ya Wahehe walioishi kwenye miteremko hiyo. Kwao huko kulikuwa nyumbani. Wajerumani walipoivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliendelea kupambana nao kwa miaka karibu minne akihama kutoka maficho hadi maficho, na milima ya Udzungwa ilikuwa mojawapo. Jeshi lililozoea kupiga mizinga halikujua lifanye nini na watu wanaojua vijito vyote na wanaolala bila kuacha moshi.

Miaka ya 1970 ilileta kambi za namna nyingine. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na mafundi wa Kichina na wa Kitanzania walipiga kambi bondeni, Mang'ula ikiwa miongoni mwa vituo vyao vikubwa. Reli inapita mguuni mwa Udzungwa, kisha kuanzia Mlimba inaanza kupanda kuelekea Makambako, na katika kipande hicho peke yake kuna mahandaki 18. Njia hiyo ilitafutwa na watu waliotembea kwa miguu na vyombo vya kupimia begani, katika ardhi inayoporomoka kila masika.

Halafu kuna mwaka 1979. Kama ningeambiwa nichague usiku mmoja tu katika historia ya milima hii nikaushuhudie, ningechagua ule wa kambini juu ya kijiji cha Sanje. Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa wamekwenda kuchunguza mbega wekundu wa msitu wa Mwanihana. Wakasikia mlio wasioutambua: mwito wa kuvuta, kisha mgugumio wa haraka kama wa mtu anayesukutua. Wote wawili walikuwa wataalamu wa wanyama, lakini mnyama wa sauti ile hawakumjua. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza hakushangaa hata kidogo. Ni ngolaga, akawaambia. Alimjua siku nyingi.

Baadaye walimkuta mtoto wa nyani huyo akifugwa kijijini, yatima. Taarifa ikachapishwa mwaka 1981, na ulimwengu ukamwita nyani wa Sanje, Cercocebus sanjei, ambaye haishi popote duniani isipokuwa Udzungwa. Vitabu vinaandika kwamba aligunduliwa mwaka 1979. Mimi neno hilo hunikwaza. Jina lake lilikuwapo, na watu walikuwa wakilitaja mashambani na jikoni kabla ya daftari la mtafiti yeyote kufunguliwa.

Miaka 12 baadaye jambo hilo lilijirudia, safari hii kwenye mafiga. Mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini katika msitu wa Ndundulu. Chakula cha jioni kilikuwa mchuzi wa ndege aliyenaswa humo msituni, na ndani ya sufuria mmoja wao akaona miguu isiyofanana na ya kuku wala ya kanga. Ilibidi wamtafute mwenye miguu ile akiwa hai. Walipompata, akawa ni kwale asiyeandikwa katika kitabu chochote, na cha ajabu zaidi, jamaa zake wa karibu ni kwale wa misitu ya Asia. Mwaka 1994 akapewa jina la kitaalamu, Xenoperdix udzungwensis. Kwa aliyemtega na aliyempika, alikuwa kitoweo kama siku nyingine.

Mambo kama haya yalitokea kwa sababu msitu huu ni mkongwe mno. Upepo wa Bahari ya Hindi umekuwa ukiunyeshea mvua kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Upande wa Mwanihana unaweza kuanza kupanda kwenye joto la bonde, mita kama 250 juu ya usawa wa bahari, ukapita mita 2,000 bila kutoka kwenye kivuli cha miti. Kilele cha Luhomero kinafika mita 2,576.

Mwaka 1992 hifadhi ya taifa ikazinduliwa, na Bernhard, mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuwa rais wa kwanza wa WWF, akaja kuifungua. Maporomoko madogo karibu na Mang'ula yana jina lake hadi leo. Ugunduzi haukukoma: mwaka 2004 nyani kipunji alionekana Ndundulu, muda mfupi baada ya kuonekana Rungwe, ambako wawindaji walikuwa wakimsimulia na wasomi wakidhani ni hadithi. Mwaka 2005 kamera iliyofungwa kwenye mti ikapiga picha ya sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, mnyama wa gramu 700 hivi. Alitangazwa mwaka 2008.

Upande wa kijiji, kumbukumbu ya hifadhi ina uchungu wake. Kwa miaka mingi wanawake waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu, na njia zao ziliingia msituni kama mishipa. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Najua sababu: gogo linalooza ni chakula cha udongo, na nyuma ya kuni kavu kulikuwa na miti mibichi iliyokatwa. Hata hivyo, huwezi kufunga njia bila kufunga na elimu iliyopita humo. Msichana wa Sanje aliyezaliwa mwaka huo hakuwahi kuandamana na bibi yake akaambiwa huu ni mti gani na ule ni mlio wa nani.

Siku hizi wanaopanda ni wageni, wanafunzi, na Watanzania wanaoongezeka polepole. Wengi huenda Sanje, mzunguko wa saa chache kuelekea maporomoko ya mita 170 hivi, yanayoshuka kwa ngazi tatu. Ukisimama juu yake bonde lote liko chini yako, miwa imepangwa kama mkeka, moshi wa kiwanda upande mmoja. Wenye pumzi hupanda Mwanihana, kilomita 38, na kulala msituni mara mbili. Saa ya kupiga hema, anayeujua msitu huangalia kwanza ardhi, maana siafu hawabishi hodi. Alfajiri hondohondo hupita juu, mbawa zikivuma kabla hujawaona.

Njia ndefu kuliko zote ni ya Lumemo, kilomita 65, siku kadhaa za kutembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Inafuata bonde la mto wenye jina hilo, unaotiririka juu ya mawe, baridi kiasi cha kuumiza meno. Ni mto huohuo unaopita Ifakara, ambao masika yakizidi huingia majumbani. Huku mjini maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa, na watoto wanaoyaogelea chini ya daraja hawajawahi kuyaona yakiwa meupe.