Sura ya Kiongozi na Jukwaa la Wananchi: Mbulu Tangu 1960

Wapo makada wanaodhani kwamba tatizo la kiongozi kujitengenezea sura mbele ya umma limeletwa na simu na intaneti. Mawazo hayo hayana msingi wa kihistoria. Chama kilikutana na tatizo hilo kabla ya Uhuru, na mahali lilipojitokeza waziwazi ni Mbulu.

Katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Katika majimbo 58 mgombea wetu hakuwa na mpinzani, ndiyo kusema huko haikupigwa kura hata moja. Kiti kilichoponyoka ni cha Mbulu, wilaya ambayo siku zile ilikuwa pamoja na Hanang. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, naye mwanachama wa TANU, alijitokeza kama mgombea binafsi, akashinda. Kwa maoni yetu wananchi hawakuikataa TANU. Walikataa kuletewa mtu ambaye sifa zake zimekwisha kupangwa, wao wabaki kupiga makofi.

Uchaguzi wa 1965 ulipangwa kwa namna nyingine. Wagombea wawili, wote wa TANU, walipanda jukwaa moja katika mikutano iliyoandaliwa na Chama. Ilikatazwa kutumia fedha binafsi, na ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Lugha ilikuwa Kiswahili tu. Kanuni njema kwa umoja wa taifa, ingawa ilimwacha mzee wa Kibarbaig akitazama midomo. Kila mgombea alipewa alama, jembe au nyumba. Hata hapo ujanja haukukosekana: mwenye jembe alijifanya mkulima kuliko wakulima, na mwenye nyumba akauliza jembe hulala wapi. Lakini aliyejisifu alijisifu mbele ya mwenzake anayemjua, na mbele ya mwananchi mwenye swali. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa mwaka huo.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, jukwaa la pamoja liliondoka. Intaneti imekwenda mbali zaidi. Mwanasiasa, na siku hizi hata wakili na daktari, ana mpiga picha wake, huchagua picha moja kati ya mia, hufuta maoni yasiyompendeza, na akiwa na fedha hulipia picha hiyo ifike mbali. Fedha iliyofungiwa mlango mwaka 1965 imeingia dirishani.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope kutoka Mlima Hanang liliuporomokea mji wa Katesh na vijiji vya jirani, likaua watu zaidi ya 80. Simu zilijaa picha za tope, na za viongozi waliofika. Hatusemi wasingekwenda, asiyekwenda angestahili lawama kubwa. Ila picha hujibu swali moja tu, kwamba alifika. Nani amepata nyumba na nani bado, mikondo ya maji ya mlimani inalindwaje, hayo huulizwa na mfiwa mwenyewe akiwa amesimama mkutanoni, na kiongozi hawezi kumfuta.

Kwa taratibu za nchi yetu mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Kada anayetaka kumjua kiongozi wa Mbulu au Hanang aombe kwanza kitabu cha kumbukumbu za mikutano hiyo, ahesabu kurasa zilizoandikwa mwaka huu.