Kabla hujalipa karo ya shule ya udereva wa malori, omba kuliona lori lenyewe

Huku kwetu bandari ndiyo shamba. Kijana akimaliza shule na asipate cha kufanya, mjomba humwambia akajifunze trela. Familia huuza mbuzi, mama huchukua mkopo wa chama, na pesa zinaingia kwenye shule ya udereva. Baada ya miezi kadhaa kijana ana leseni, lakini akifika yadi ya Miritini na kuambiwa arudishe kontena nyuma mpaka kwenye jukwaa la kupakulia, anashindwa. Nimekaa nyuma ya usukani wa malori miaka mingi, na vijana wa namna hii nimewaona wakirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwanza tuelewane kuhusu leseni. Tangu kanuni za 2020, daraja za malori zimegawanywa: C1 ni lori dogo, C ni lori la wastani, na CE ndiyo trela. Hupandi yote kwa mkupuo, kwani kila daraja lina umri wake na tajriba yake. Kwa hiyo shule ikimwambia mtoto wa miaka 18 kwamba itamtoa na CE, toka hapo na pesa zako mfukoni. Yule huanza na gari dogo kama wengine, kisha anapanda ngazi.

Shule yenyewe lazima iwe na idhini ya NTSA, na mwalimu naye awe na yake. Uliza uonyeshwe zote mbili, usitosheke na cheti kilichoning'inizwa ukutani. Hilo halina maneno mengi. Kazi ni lori.

Omba kuliona lori utakalofundishwa. Si picha iliyo kwenye bango, bali lori lenyewe, likiwashwa mbele yako. Shule nyingi zina Canter moja kuukuu ambayo ndiyo mwalimu wa kila kitu. Canter ni gari zuri, lakini haitakufundisha breki za upepo za trela. Kwenye trela unasubiri upepo ujae mitungini kabla ya kuondoka, unatazama geji, unamwaga maji yaliyokusanyika kwenye mitungi. Upepo ukipungua mno, breki za nyuma hujifunga zenyewe, na kama hulijui hilo utasimama katikati ya barabara Changamwe ukilaumu injini huku matatu zinakupigia honi.

Kisha uliza kuhusu kurudi nyuma. Trela ikiwa na kiungo, ukikata usukani kushoto mkia unakwenda kulia. Kichwa kinaelewa mara moja, mikono inachukua wiki. Shule isiyo na uwanja wa kutosha kwa zoezi hili haiwezi kukufundisha, hata mwalimu awe hodari vipi.

Na mteremko, tafadhali. Ukitoka Mazeras kushuka Mombasa ukiwa na mzigo, unashuka kwa gia nzito na kuiacha injini ishike gari. Breki unazigusa kidogo kidogo tu, maana ukizikanyaga muda mrefu zinapata moto na hazishiki tena. Kuna madereva wanaoweka gia frii ili kubana dizeli waiuze njiani. Salgaa imezika watu wengi kwa mchezo huo. Mwulize mwalimu atakupeleka kwenye mteremko gani, na gari likiwa na mzigo au tupu. Akicheka, umepata jibu.

Jambo jingine ni muda wa usukani. Shule itakutajia idadi ya masomo. Wewe uliza kila somo ni dakika ngapi, na ndani ya kabini mko wanafunzi wangapi. Masomo ishirini ambayo zaidi ya nusu yake umekaa ukimtazama mwenzako akiendesha ni kama kujifunza kuogelea ufuoni. Ubao wa mji wa mfano, ule wenye vigari vidogo, utausoma upesi na mtihani utaupita. Huo hautakusumbua.

Mwalimu mzuri pia atakugusia mizani. Mariakani wanapima kila ekseli, si uzito wa jumla peke yake, na katika Afrika Mashariki lori kubwa kabisa haliruhusiwi kuvuka tani 56. Mzigo ukipangwa vibaya, ekseli moja inazidi hata kama jumla iko sawa. Kwa safari za Malaba na kuendelea kuna pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hizo ni za baadaye, lakini afadhali uzijue sasa ili upange pesa.

Jihadhari na maneno mawili: "mtihani tutakusaidia" na "kazi ipo tayari". La kwanza linakuuzia leseni bila ujuzi. La pili nalo, mwambie mwenye shule akutajie kampuni, kisha nenda ukaulize huko.

Mtu bora wa kumuuliza kuhusu shule ni dereva. Nenda Mariakani jioni malori yanapoegeshwa, salimia, nunua chai, uliza ni wapi vijana wanaokuja kazini wakijua kurudi nyuma walifundishwa. Utapewa majina mawili matatu, na mengine utaambiwa uyakimbie.

Ukishachagua, lipa kwa awamu, kwa namba ya shule na si simu ya mwalimu, na kila awamu uchukue risiti yenye daraja la leseni na idadi ya masomo.