Historia ya Taa Ndogo ya Kanyagio la Gitaa

(Somo lililosomwa katika redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu alisome kwanza kwa sauti, kisha wanafunzi walisome wenyewe.)

 

Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme na vita tu. Sivyo. Kila kitu kilichotengenezwa kwa mkono wa mtu kina historia yake. Leo tutasoma historia ya kitu kilicho kidogo kama punje ya hindi. Kitu hicho ni taa nyekundu iliyo juu ya kanyagio la gitaa.

Kwanza tuelewane maneno. Gitaa la umeme halitoi sauti kubwa peke yake. Sauti yake hupita katika waya mpaka kwenye kikuza sauti, yaani amplifaya. Kanyagio ni kisanduku ambacho mpigaji hukiweka sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya. Akilikanyaga, sauti hubadilika. Pengine hukwaruza, pengine huzunguka kama upepo. Akilikanyaga tena, sauti hurudi kama ilivyokuwa. Hutumia mguu kwa sababu mikono yake yote miwili ina kazi.

Sasa jiweke mahali pa mpigaji huyo. Umesimama mbele ya watu na ukumbi una giza. Wimbo mmoja umekwisha, na unaofuata unaanza kwa gitaa lako peke yake, polepole. Je, kanyagio limefunguliwa au limefungwa? Ukilitazama hupati jibu, maana swichi yake ikisha kanyagwa hurudi juu pale pale. Hutajua mpaka upige sauti ya kwanza, na hapo watu wote wamekwisha kusikia. Ndiyo maana wapigaji walitaka taa. Taa hukujibu kabla hujakosea.

Basi, taa hiyo ilitoka wapi? Na mbona ilichelewa?

Tuanze na sauti. Mwishoni mwa mwaka wa 1960, katika mji wa Nashville, Marekani, watu walikuwa wakirekodi wimbo wa Marty Robbins. Grady Martin alikuwa akipiga gitaa la besi. Mtambo mmoja wa kurekodia ulikuwa umeharibika, na sauti ya gitaa ikatoka imekwaruza. Hawakuifuta. Wimbo ulitoka mwaka wa 1961, na watu wakaipenda sauti ile. Fundi wa kurekodi, Glenn Snoddy, akatafuta njia ya kuitengeneza kwa makusudi, kwa kutumia transista. Mwaka wa 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kuuza kanyagio hilo kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Halikuwa na taa.

Sasa tuje kwenye taa. Mwaka wa 1907, Mwingereza mmoja, Henry Joseph Round, alikuwa akipitisha umeme katika kipande cha kaborandamu. Hilo ni jiwe gumu linalotumika kutengenezea mawe ya kunolea. Aliona jiwe linatoa mwanga hafifu wa manjano. Aliandika habari hiyo katika gazeti la mafundi, lakini watu hawakuifuata. Miaka 20 baadaye, mwaka wa 1927, Mrusi aliyeitwa Oleg Losev aliandika juu ya mwanga kama huo, naye aliuchunguza kwa makini sana. Losev alikufa kwa njaa mwaka wa 1942, mji wa Leningrad ulipozingirwa na adui. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Kazi hiyo ilipata mtu wa kuikamilisha huko Marekani. Nick Holonyak, mtoto wa wahamiaji, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric. Mwaka wa 1962 alitengeneza kidude kidogo kilichotoa mwanga mwekundu unaoonekana vizuri kwa macho. Leo tunakiita taa ya LED. Bila shaka unaijua. Iko katika redio, katika chaja ya simu, na katika tochi.

Tazama tena mwaka huo. Kanyagio la Fuzz-Tone lilitoka mwaka wa 1962, na taa nyekundu ilitoka mwaka huo huo wa 1962, zote mbili katika nchi moja. Lakini ilipita miaka kama 15 kabla ya taa hizo kuwa jambo la kawaida juu ya makanyagio. Kwa nini? Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni bei. Taa za kwanza zilikuwa ghali mno. Ni tangu mwaka wa 1968, kampuni ya Monsanto ilipoanza kuzitengeneza kwa wingi, ndipo bei ilipoanza kushuka.

Sababu ya pili ni umeme. Pengine utauliza: kwani hawakuweza kutumia globu ya kawaida? Amplifaya za miaka ya 1950 zilikuwa na globu ndogo ya kuonyesha kwamba zimewashwa. Ni kweli, lakini amplifaya hupata umeme wa ukutani, na makanyagio ya wakati huo yalitegemea betri. Tufanye hesabu pamoja. Andika katika daftari lako.

Wingi wa umeme unaopita katika vyombo vidogo hupimwa kwa miliampia. Betri nzuri ya volti 9 inaweza kutoa miliampia 1 kwa saa kama 500. Kanyagio la kukwaruza lenye transista mbili hutumia kama miliampia 1 tu. Kwa hiyo betri hiyo yatosha saa 500. Sasa ongeza taa ya LED ya zamani, ambayo ilihitaji hata miliampia 20 ili ionekane vizuri. Jumla ni miliampia 21. Gawanya 500 kwa 21: betri haifiki saa 24. Umeona? Taa ya kueleza kazi ilikula umeme mara 20 kuliko kazi yenyewe! Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia.

Sababu ya tatu ni swichi. Ndani ya swichi ya mguu mna safu za viungo vya waya. Swichi nzuri ya zamani ilikuwa na safu mbili, na zote mbili zilitumika kwa sauti: moja mahali sauti inapoingia, moja mahali inapotoka. Hapakubaki safu ya taa. Mafundi wengine walitumia safu moja kwa sauti na ya pili kwa taa. Lakini hapo gitaa lilibaki limeunganishwa na kanyagio hata likiwa limefungwa, na sauti nyembamba zikafifia.

Mwaka wa 1974 kampuni ya MXR, ya mji wa Rochester, Marekani, ilianza kuuza kanyagio dogo lililoitwa Phase 90. Lilitosha katika kiganja cha mkono. Nalo pia halikuwa na taa. Mwaka wa 1977 kampuni ya Boss ya Japani ilitoa makanyagio madogo ya namna nyingine. Katika hayo, mguu haukugeuza sauti wenyewe. Uligusa swichi ndogo tu, na transista ndizo zilizogeuza sauti. Hivyo ilikuwa rahisi kuiweka taa nyekundu juu yake. Miaka ya 1980 ilipofika, makampuni mengi yalikuwa yakifanya hivyo.

Na wale wenye makanyagio ya zamani? Wengi hawakuyatupa. Walitoboa tundu katika kisanduku, wakatia taa wenyewe. Kazi hiyo ilikuwa rahisi zaidi baada ya swichi za safu tatu kupatikana madukani: safu mbili za sauti, na ya tatu ya taa. Lakini kisanduku kidogo kina nafasi ndogo. Fundi asiyepima kwanza huona tundu lake limeangukia juu ya betri.

Tena fundi lazima atie kipunguza umeme, kiitwacho rezista. Betri ina volti 9, na taa nyekundu yataka kama volti 2 tu. Zile 7 zinazobaki lazima zipate mahali pa kushukia. Zisipopata, taa itaungua mara moja. Taa za siku hizi huonekana vizuri kwa umeme mdogo sana. Kwa rezista ya omu 4,700, taa hutumia kama miliampia 1.5 tu. Rudi katika hesabu yetu: 1 na 1.5 ni 2.5. Gawanya 500 kwa 2.5, unapata saa 200. Betri imepona.

Kabla hatujaagana, nataka ukumbuke jambo moja. Taa ikizimika, usidhani betri imelala. Katika makanyagio mengi ya namna hii, betri hukatwa tu unapochomoa waya wa gitaa. Ukiuacha waya usiku kucha, betri itaendelea kuliwa, ingawa taa imezimika. Taa ile inajibu swali moja tu: sauti inapita ndani ya mtambo, au haipiti? Hukuiunganisha ili ijibu swali la betri, kwa hiyo haliwezi kujibiwa nayo.

Ndivyo zilivyo taa zote za vyombo vyetu. Ukiona taa inawaka katika chaja, au katika mashine kazini kwako, jiulize: inajibu swali gani? Mtu anayejua hivyo haongozwi na taa, bali huitumia.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini globu ya kawaida haikufaa katika kanyagio la betri?

2. Kanyagio linatumia miliampia 3, na taa yake miliampia 2. Betri ya hesabu yetu itatosha saa ngapi?

3. Taja chombo kimoja chenye taa nyumbani kwako. Taa hiyo inakuambia nini, na ni jambo gani haikuambii?

Kwaherini, wanafunzi, mpaka somo lijalo.