Hongo Ilipokuwa Ushuru

Njia ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakata Ugogo hadi Tabora na Ujiji. Nimeifuata mpaka Dodoma, kwa basi, kwa ajili ya neno moja: hongo. Leo ukilitamka mbele ya trafiki, mmoja wenu ana kesi. Karne ya 19 lilitamkwa mchana kweupe, maana hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu.

Msafara ukitoka Mpwapwa ulivuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ukaingia Ugogo na vibuyu vitupu. Visima vilikuwa na wenyewe, na mtama wa kulisha mamia ya wapagazi ulikuwa ghalani kwa Wagogo. Basi mkuu wa msafara alituma watu kwa mtemi wakapatane. Hapo siku zilipotea. Mtemi anataka kaniki, anataka shanga, anataka merikani, ile pamba ngumu iliyoletwa Unguja na merikebu za Salem, Marekani. Wageni wanajifanya mafukara. Nguo zilihesabiwa kwa mikono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: minne ni shuka, minane ni doti. Nadhani kila upande ulikuwa na mpimaji wake, na si kwa bahati.

Richard Burton alipita mwaka 1857, Stanley 1871, na wote wawili waliilalamikia hongo kwenye vitabu vyao kana kwamba vile visima walichimba wao. Kisha Wajerumani wakajenga boma Mpwapwa mwaka 1889, na siku za watemi kutoza wapita njia zikawa zinahesabika. Mwaka 1898 wakaanza kutoza wao, kila nyumba. Yao ikaitwa kodi.

Hongo ikabaki bila mtemi wala njia, ikaangukia chini ya meza. Kitenzi chake kimeponea kidogo: kijana anayemhonga binti zawadi husengenywa tu, hafungwi.

Sokoni Dodoma nilisimama kwenye duka la kanga. Muuzaji alikunjua mbili zilizoungana bado, hazijakatwa wala kupindwa, akazitandaza mezani na kulaza kiganja juu yake.

“Kaka, doti ngapi?”