Jedwali, Kitambi na Futi ya Fundi: Jeshi la Marekani na Uzito wa Askari

Mwaka 1942 Audie Murphy, kijana wa Texas, aliomba kujiunga na kikosi cha Marines wakamrudisha: kimo kidogo, mwili mwembamba. Jeshi la nchi kavu lilimpokea akiwa na kilo 51 hivi. Januari 1945, huko Ufaransa, alipanda juu ya gari la deraya lililokuwa likiwaka moto, akashika bunduki ya rashasha na kuwazuia Wajerumani kwa karibu saa nzima. Akatunukiwa Nishani ya Heshima.

Enzi zile jeshi liliogopa wembamba. Jenerali Lewis Hershey, msimamizi wa uandikishaji, alilieleza Bunge kuwa lishe duni ilichangia vijana wengi kukataliwa, na mwaka 1946 Rais Truman akatia saini sheria ya chakula cha mchana shuleni.

Wanene nao walingojewa na jedwali la urefu na uzito. Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini, hakuliamini. Alikuwa amezoea kushughulika na wazamiaji, akijua kwamba naitrojeni hujificha kwenye mafuta ya mwili na kumhatarisha mzamiaji anayeibuka haraka. Basi akachukua wachezaji 25 wa futiboli ya Kimarekani, akawapima nchi kavu, kisha akawapima tena wakiwa wamezama majini, pumzi yote imetolewa. Mafuta huelea, misuli na mifupa huzama. Kwa mujibu wa jedwali, 17 kati yao walikuwa wanene wasiofaa jeshini. Maji yalisema vingine: wengi wao walikuwa misuli mitupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1942.

Ilichukua karibu miaka 40 hoja hiyo kuingia kwenye kanuni. Mwaka 1981 Wizara ya Ulinzi iliagiza majeshi yaangalie asilimia ya mafuta, si kilo peke yake. Lakini nani angemzamisha kila askari? Mwaka 1984 Hodgdon na Beckett, watafiti wa jeshi la majini huko San Diego, walitoa hesabu inayohitaji futi tu, kama ya fundi cherehani: mwanamume shingo na tumbo; mwanamke shingo, kiuno na nyonga.

Askari hawakuchelewa kuusoma mchezo. Shingo nene hushusha asilimia, kwa hiyo wapo walioinenepesha kwa vyuma. Hilo lilikuwa afadhali. Wengine, wakijua kuwa anayeshindwa hapandi cheo na hatimaye hufukuzwa, walifunga kula, wakajitapisha, wakameza dawa za kuharisha, wakakaa kwenye vyumba vya mvuke, halafu wakaenda kukimbia miili imekauka maji. Vidonge vya kukonda vikapata soko. Efedra, kiambato cha vidonge hivyo, iliondolewa kwenye maduka ya kambini mwaka 2002. Desemba 2011 ikafuata DMAA, kichocheo kingine, baada ya askari wawili kufariki.

Machi 2023 jeshi la nchi kavu lililegeza kamba: aliyepata alama 540 au zaidi kati ya 600 kwenye mtihani wa mazoezi wa wakati huo, bila kupungua 80 katika zoezi lolote, hakupimwa mafuta. Juni mwaka huo kipimo cha shingo kikaanza kuachwa, futi ikabaki usawa wa kitovu. Septemba 2025 Waziri wa Ulinzi Pete Hegseth aliwakusanya majenerali Quantico, Virginia, akawaambia kwamba wao pia watapimwa urefu na uzito, mara mbili kwa mwaka.